Dripu Sita, Bila Kupunguziwa

Ng'ombe saba, kiwanja kimoja na nywele zote: ndiyo gharama ya ovari mbili ambazo sikuwahi hata kuziona. Nimehesabu mara mbili, haipungui.

Baada ya kunipasua kule Mwanza, daktari alisema zitafuata dripu sita za dawa ya saratani. Mimi nauza mchele sokoni Bariadi; bei ya kwanza siikubali hata ya msibani.

"Fanya nne, daktari."

"Sita, mama."

"Nne na nusu. Mteja wako natoka mbali."

"Sita."

Wifi yangu aliyenisindikiza akaninong'oneza, akiniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, huyu biashara hajui."

Nilipomaliza zote, ukoo ukachinja mbuzi kushukuru. Mbuzi alipoisha, na ugonjwa wangu ukahesabiwa umeisha. Kumbe dripu zilikuwa zimeniachia ganzi miguuni. Kandambili ilinitoka mguuni stendi, nikaambiwa na wapita njia. Joto nalo, tangu ovari zitolewe, linanipanda kama nimekalia tanuri la matofali. Mshauri wa hospitali alinihimiza niwaeleze wa nyumbani ninavyojisikia. Nikawaeleza.

"Joto hata sisi tunalo," wifi akasema. "Hii ni Simiyu."

Heri kile kikundi cha wanawake waliougua kama mimi. Huko mtu akianza kujipepea, wote wanajipepea, na hakuna anayeulizwa kitu. Muuguzi akatufundisha na mazoezi ya miguu.

Mwezi uliopita kipimo cha damu cha saratani kikapanda. Picha ya tumbo haikuonyesha kitu.

"Tunaweza kuanza dripu tena sasa," daktari akasema, "au tusubiri mpaka dalili zionekane. Tukisubiri hatukutupi; kliniki ya maumivu na ganzi utaendelea nayo. Chagua wewe, mama."

Yaani leo ndiyo ananiachia nipange mwenyewe! Sokoni, muuzaji akikuambia utaje bei unayotaka, unashika mkoba wako vizuri.

"Ungekuwa wewe?"

"Inategemea unataka muda wako uutumieje."

Nataka kuvuna mpunga huu nikiihisi miguu yangu. Nataka na wa mwakani niuone. Nikamwomba anichanganyie vyote viwili. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Nimepewa wiki mbili. Wifi anasema nianze kesho, na safari hii hatanii. Nimemkuta jikoni analia, akasingizia moshi. Jiko ni la gesi.

Basi wewe uliyepitia haya kabla yangu, niambie: ulianza au ulisubiri? Na kama ulisubiri, usingizi uliupataje?