Kengele za Tonton Constantin

Tonton Constantin, mdogo wa papa, kazi yake ilikuwa kuchuna maganda ya kinkina, ule mti unaotoa kinini. Alikaa na mke wake Eulalie katika nyumba ndogo nyuma ya parseli yetu, kiwanja chetu cha mtaa wa Muhumba. Kila jioni alichemsha maganda, akanywa bakuli zima bila kukunja uso. "Homa itanipatia wapi?" alijisifu.

Baada ya Pasaka akaanza kusikia kengele. Sisi hatukusikia kitu. Kisha akawa anaona midomo yetu inacheza, lakini sauti haimfikii.

"Munanisema! Mbona munaongea chini-chini?"

"Tonton, tunaongea kama siku zote."

"Mm. Hata watoto wamefundishwa."

Akakata shauri kwamba Eulalie amemtia kitu masikioni akiwa usingizini. Alipekua mto, akanusa sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, mwishoni akaacha kabisa kula chakula cha mke wake. Aliamini bakuli lake tu, maana alilichemsha mwenyewe. Sasa alilinywa asubuhi na jioni. Kengele zikazidi, naye akatangaza: Jumapili anamrudisha Eulalie kwa wazazi wake, kijijini kule Walungu.

Papa akakataa. "Kwanza muende kwa infirmière. Mwanamke harudishwi kwa sababu ya kengele."

Wiki ile tulikuwa tumesoma sikio darasani, kwa hiyo nikawafuata tonton na Eulalie. Nilitaka kuona. Maman Adèle, yule infirmière, muuguzi wa zahanati, akammulika tonton sikioni na taa ndogo.

"Toa kile kitu," tonton akasema.

"Citoyen, ndugu yangu, hakuna kitu. Ngoma ya sikio iko muzima, naiona."

"Na wewe unatoka wapi? Walungu?"

"Niko mutu wa Kabare. Unakunywaka nini?"

Akaeleza habari za bakuli, tena kwa fahari. Maman Adèle akazima taa. Alisema sauti inagonga ile ngoma, inapita katika mifupa mitatu midogo kuliko punje ya mahindi, mpaka kwenye mfereji uliojikunja kama konokono. Humo mna maji, na vinyweleo vinavyopeleka habari kwenye ubongo. Kinkina ikizidi katika damu inavisumbua: sikio linapiga kelele lenyewe, na sauti za watu halizishiki.

Tonton akamtazama Eulalie, kisha infirmière, kisha Eulalie tena. "Munajuana."

Hapo Eulalie akawaka. "Wiki moja, acha hiyo maji yako! Kengele ikibakia, mimi mwenyewe napanda gari ya Walungu."

Tonton aliacha, huku akitutazama sote kama wezi. Kufika Ijumaa kengele zilikuwa zimenyamaza. Hakutuambia, nilijua kwa sababu alianza kujibu watu bila kuwaangalia midomo.

Jumapili Eulalie akasimama mlangoni, amevaa vizuri.

"Tunaenda Walungu ao hatuendi?"

Tonton alitazama chini. "Bakia," akanong'ona.

"Sijasikia."

"Bakia!"

"Ongeza sauti kidogo, mume wangu. Majirani nao walisikiaka ile ya kunifukuza."