Fundi Aliyeunganisha Ndege

Mtaani kwetu kuna fundi wa kuchomelea vyuma anayeitwa Cheche. Jina lake la kuzaliwa, nadhani hata mkewe hulitafuta kidogo kabla ya kulitaja. Karakana yake ni kibanda cha mabati kando ya barabara, na mbele yake pana benchi alilolitengeneza mwenyewe, zito kiasi kwamba hakuna mwizi aliyewahi kulitamani. Mimi ni mtu wa kutembeatembea, na miguu ikichoka hunipeleka pale. Akiwa anachoma siutazami ule mwanga. Natazama ukuta wa jirani, unavyogeuka samawati, ukazima, ukawaka tena.

Cheche hutengeneza mageti, nondo za madirisha, vitanda vya chuma na mabanda ya kuku. Kazi nyingine haijui wala haitaki. Siku akikosa kazi kiuno humuuma, akipata kazi kiuno hupona. Mkewe husema dawa ya mume wake inauzwa duka la vyuma, kwa futi.

Binti yao wa kwanza ameolewa nchi ya mbali sana, huko ambako ukipiga simu asubuhi wenzako wanaenda kulala. Alipojifungua akawakatia wazazi tiketi waende kumwona mjukuu. Akamweleza baba yake kwa simu: "Baba, hakuna ndege ya moja kwa moja. Mtashuka mji wa katikati, mtakaa hapo kutwa, halafu mtaunganisha ndege."

Cheche akalibeba neno kama alivyolipokea. Siku chache kabla ya safari alikuja pale mama mmoja anayefuga kuku, akamuuliza safari yenyewe ikoje. Fundi alikuwa amejifunika kile kinyago cheusi cha kazi, sauti inatoka ndani kama ya mtu aliye kisimani.

"Siendi moja kwa moja, mama. Kuna mji hapo katikati, lazima niunganishe ndege kwanza."

"Uunganishe ndege?"

"Ndiyo. Kutwa nzima hiyo."

"Peke yako?"

"Na mke wangu."

Mama wa kuku akashika mdomo, akaenda zake. Mimi nilikuwa palepale kwenye benchi na nilielewa vizuri alichosema fundi. Kwamba mwenzangu alielewa kingine, hilo halikunipitia akilini.

Yaliyotokea katika ule mji nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, nao hawakutofautiana sana ila katika suala la nani alikuwa mwoga.

Walitua asubuhi. Kampuni ya ndege ilikuwa na basi la bure la kuwapeleka mjini abiria wanaongoja, na kuwarudisha jioni. Cheche akatafuta kiti kilicho karibu kabisa na mlango wa kupandia ndege, akakaa, mkoba mapajani.

"Inuka twende," mkewe akamwambia.

"Twende wapi? Ndege ikituacha?"

"Inaondoka jioni."

"Na ikiwahi?"

"Ndege si kuku, baba watoto, kwamba itajiamulia. Haya, kaa hapo uilinde isiibwe. Mimi naenda kuona mji, nikirudi nitakuhadithia."

Cheche akamtazama akienda mpaka alipokaribia kona, kisha akainuka. Yeye anasema alimfuata ili asipotee.

Mji wenyewe sijafika, siwezi kuwadanganya. Mke anasema una maghorofa ambayo ukiyatazama hadi juu unashika kilemba kisianguke, na bustani yenye maji yanayoruka hewani na kurudi yalikotoka. Cheche anasema una bawaba nzuri. Mbele ya jengo ambalo abiria wenzao wote walinyanyua simu kulipiga picha, yeye aliinama kutazama mguu wa reli ya ngazi ulivyoungwa na sakafu. "Huyu alikuwa na haraka," akasema. Mbele kidogo akasema, "Ah, huyu sasa ni fundi. Mkono haukutetemeka." Kwenye hoteli moja kubwa akaanza kulifungua geti na kulifunga, kulifungua na kulifunga, ili asikilize bawaba zake, mpaka mlinzi akamjia. Lugha hawana. Cheche akajikunja, akaweka kiganja usoni mfano wa kinyago, na kwa mkono wa pili akafanya tsss, tsss, tsss. Mlinzi akamhurumia, akamwonyesha kwa heshima njia ya kwenda chooni.

"Umepaa usiku kucha juu ya mawingu," mkewe akamwambia walipofika barabarani, "kumbe umekuja kutazama mlango!"

"Na wewe umekuja kutazama maji. Kwetu hakuna maji?"

"Yanayoruka?"

"Bomba likipasuka."

Wakaenda hivyo, huku wakinuniana, mpaka mchana walipofika kwenye bustani nyingine. Humo palikuwa na ndege ya zamani, imestaafishwa na kuwekwa juu ya nguzo fupi ili watoto waichezee. Hapo Cheche akasimama kweli. Akavaa miwani, akalipapasa bawa toka shinani hadi nchani, akarudi, akalipapasa tena.

"Mama watoto, hii haikuchomelewa."

"Imefanywaje?"

"Imepigwa ribiti. Vijipini vya kugonga tu, maelfu na maelfu. Sisi tumekuja na kitu kama hiki?"

"Sisi tumekuja na mpya."

"Hata hiyo mpya! Vichwa vyake niliviona dirishani, nikadhani ni mapambo."

Mke, ambaye tangu asubuhi hajapata picha hata moja ya mumewe akitazama kitu cha maana, akampiga hapohapo: mkono juu ya bawa, miwani puani, uso wa mtu aliyekabidhiwa roho za watu. Akaituma kwenye kundi la simu la mtaa wetu, na chini yake akaandika ukweli mtupu: "Tuko hapa tunaunganisha ndege. Mtuombee."

Tukawaombea. Mwenye duka aliivuta picha kwa vidole mpaka ikajaa bawa peke yake, akaipitisha kwa wateja. "Hebu oneni mkono wa huyu mtu. Mnaona palipoungwa? Hamuoni!" Nilijaribu kueleza kwamba ndege ile ni kuukuu, imepauka rangi, nikaulizwa, "Babu, wewe umeshafika wapi?" Jibu wanalijua.

Waliporudi, baada ya kumbeba mjukuu mpaka akawazoea, Cheche alifungua karakana asubuhi ya kwanza, akafuta vumbi mashine, akangoja. Watu walikuja, tena wengi. Wakamsalimia kwa mikono miwili.

"Karibu nyumbani, Injinia!"

"Injinia gani? Mimi nilikuwa abiria."

"Tunaelewa, tunaelewa. Kazi za ndege zina siri zake."

Wakampongeza, wakaondoka. Hakuna aliyeacha hata bawaba ya kuunga. Siku ya pili vilevile, na wiki ya pili vilevile. Ng'ambo ya barabara kuna fundi mwingine, kijana ambaye nondo zake huachana zenyewe bila kuguswa na mwizi, naye sasa hakuwa na nafasi ya kula. Siku moja tukamwona mama wa kuku anavuka kwenda huko, waya wa banda kichwani. Cheche akamkimbilia.

"Mama! Unanipita?"

"Nakustahi, Injinia. Mtu ameshika bawa la ndege, mimi nimletee banda la kuku? Watu watanionaje?"

"Sikuunganisha ndege, mama! Nilishuka moja, nikapanda nyingine!"

"Unaona?" akatugeukia sisi tuliokaa. "Zilikuwa mbili."

Kiuno kikaanza. Kwanza cha kawaida, kisha akawa anainuka kwa kushika meza. Akawa hana la kufanya ila kuchomelea vya nyumbani kwake. Akaongeza nondo mlangoni, akaongeza nyingine katikati ya zile. Akaunga kitanda ambacho hakikuvunjika. Jumamosi moja mkewe akataka kufungua dirisha la jiko moshi utoke, halikufunguka. Fundi alikuwa ameliunga lote, kwa ustadi mkubwa.

Mke akatoka nje akikohoa, akamkuta mumewe na mimi tumekaa kwenye benchi.

"Baba watoto, hii haiwezekani. Kesho utaniunga na mimi."

"Nifanyeje? Nimewaambia ukweli, hawataki."

"Umewaambia wiki ngapi? Umekusaidia nini huo ukweli? Niachie mimi."

Akajifunga kanga vizuri, akaenda dukani kununua chumvi. Nikaenda naye polepole, nikijidai nanunua kiberiti. Mwenye duka akamuuliza Injinia hajambo. Mke wa Cheche akashusha pumzi ndefu, akatazama chini.

"Ninyi ni watu wangu, sitawaficha. Lakini msiseme nimesema mimi." Watu watano wakasogea. "Wamemwachisha."

"Nani? Injinia?"

"Kazi ya ndege imemshinda. Kile kiuno mnachokiona si kiuno, ni aibu."

Duka zima likasema "Maskini!" kwa sauti moja, na ninawapenda majirani zangu, lakini sijawahi kuwaona wamechangamka vile. Nilipokuwa natembea kurudi karakanani, habari ilishanipita njiani, imefika kabla yangu. Palikuwa na mtu na kitanda kilichovunjika mguu. Nyuma yake mtu wa geti. "Pole sana, fundi," wanamwambia, tena fundi, si Injinia. "Ndiyo maisha. Geti langu mimi haliruki popote."

Cheche uso umemwiva. "Nani kasema nimefukuzwa? Mimi sijafukuzwa na..."

"Baba watoto," mkewe akaita kutoka nyuma, chumvi mkononi. Neno moja tu hilo. Fundi akameza lililobaki.

Mama wa kuku akafika wa mwisho, waya wake kichwani, ameunyang'anya kule ng'ambo. Akautua taratibu mbele ya fundi, kama mtu anayeweka kitu mbele ya mgonjwa.

"Usijali, fundi. Sisi hatukuachi. Ila niambie tu, kwa faida ya kuku wangu, walikuona na kosa gani?"

Cheche alimtazama mkewe, akazitazama nondo zilizolala chini zikimngoja, akautazama ule waya. Mtu huyu nimemjua miaka mingi na sijapata kumsikia akisema uongo.

"Bawa," akasema mwishowe. "La kushoto. Nililiweka limekaa upande kidogo."

"Basi kwenye banda langu uangalie."

"Nitaangalia, mama," akasema, akashusha kinyago.