Gari Alilolikataa Maundu

Wamunyu ni kwa wachongaji. Ukishuka pale utasikia mti ukigongwa kila upande, na wengi wa rika la Maundu walisomesha watoto kwa twiga na vifaru vya mti wa mhugu. Yeye hakuwahi kushika tezo. Kazi yake ilikuwa milango ya magari.

Aliajiriwa angali kijana katika kiwanda kimoja cha kuunganisha magari upande wa Athi River. Vipande vilitoka ng'ambo vimefungwa ndani ya makasha makubwa ya mbao. Wafanyakazi waliyapasua makasha, wakachomelea bodi, wakapaka rangi, wakafunga injini, na mwisho wa yote pikapu au lori likawashwa na kutoka lenyewe mpaka uani. Maundu alikuwa upande wa milango. Aliipenda kazi hiyo kwa namna ambayo mkewe Mbinya alimcheka kwayo. Hata akiwa likizoni, akikuta pikapu imeegeshwa sokoni, angemwomba mwenyewe ruhusa afungue mlango na kuufunga tena, asikilize unavyogonga.

"Hii huenda ilipita mikononi mwangu," angesema.

Binti yao wa pekee, Mwelu, alikua na mchezo huo. Wakiwa wamekaa kando ya barabara wakingoja usafiri, baba angemwonyesha gari linalokuja na kumwuliza limetengenezwa wapi. Mtoto angebahatisha: Japani, Ujerumani, hapa kwetu. Akisema "hapa kwetu" na ikawa kweli, baba alimbeba mabegani. Baada ya muda Mwelu akawa habahatishi tena. Alijua.

Siku moja kiwandani mlango ulichomoka kwenye ndoano ukamwangukia Maundu gotini. Alitibiwa, akarudi kazini, lakini tangu hapo mguu wa kulia ukawa haukunjiki vizuri. Hakulalamika. Kilichomuuma ni kilichofuata. Oda zilianza kupungua, wakapunguza watu wa rangi, kisha wa injini. Asubuhi moja meneja alisimama juu ya kasha tupu akawaambia kwamba watu wananunua magari yaliyokwisha kutumika nje, yanashuka Mombasa kila wiki, na kiwanda hakiwezi kushindana nayo. Wakaambiwa warudishe ovaroli.

Maundu alirudi Wamunyu akalima mbaazi na mtama. Hakuwa mtu wa hasira, lakini kwa jambo hilo moja alikuwa mgumu kama jiwe. Kila alipopita makutano ya Konza akaona lori refu limebeba magari madogo kutoka bandarini, ghorofa juu ya ghorofa, aligeuza uso akatazama upande wa mbuga.

Mwelu akawa muuguzi, akapata kazi mjini Machakos. Alikuwa akija nyumbani kila alipopata siku ya kupumzika. Jumapili moja alikuja na simu imejaa picha za magari, akaketi karibu na baba yake baada ya chakula.

"Baba, nataka kununua gari. Ndogo tu, isiyokula mafuta, ya kunitoa kazini mpaka hapa. Nisaidie kuchagua."

"Chagua iliyounganishwa hapa kwetu."

"Nimetafuta. Nyingi za hapa ni pikapu na lori. Zile ndogo ninazozipata ni mpya, na mpya siwezi. Ona hii, ni Vitz. Hii nayo ni March. Kuna Alto mpya pia, inatoka India, lakini hata hiyo imenizidi."

"Hizo zote ni za nje."

"Ndiyo, Baba. Lakini uwezo wangu unafika hapo."

"Basi kaa bila."

Mwelu aliiweka simu mapajani. "Wewe ndiye ulinifundisha magari. Sasa nikamuulize nani mwingine?"

"Kamuulize Mjapani," Maundu akasema, akacheka peke yake.

Mbinya hakucheka. Aliondoa sahani akaingia jikoni.

Mwelu alitafuta peke yake. Alizunguka yadi za magari kila alipotoka zamu, huku na huku, mpaka Nairobi, kwa miezi. Mama yake ndiye aliyekuwa akipigiwa simu: leo nimeona hii, rangi nzuri lakini iko chini sana, leo nimeona ile, mlango wake mdogo. Mbinya hakuelewa kwa nini mlango ulikuwa jambo kubwa hivyo, na hakuuliza.

Halafu mchana mmoja honi ililia langoni. Mwelu alikuwa amekuja na March ya buluu, imeoshwa inang'aa, na kitambaa kipya kwenye viti. Majirani walitoka. Mbinya alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mwelu alishuka, akazunguka upande wa pili, akaufungua mlango wa abiria wa mbele.

"Baba, wewe ndiye wa kwanza. Ingia twende mpaka sokoni turudi."

Maundu alikuwa amesimama karibu na tangi la maji. Alikuwa amelitazama gari lile na, kusema kweli, alilipenda umbo lake. Lakini watu walikuwa wengi, na maneno aliyoyasema miaka yote yalikuwa yanamsikiliza.

"Gari hizi ndizo zilizofunga kiwanda," alisema. "Siwezi kukalia kitu kilichoninyang'anya kazi."

Kicheko cha majirani kilikatika. Mwelu aliendelea kuushika mlango kidogo, kama mtu aliyesahau anachofanya, kisha akaufunga polepole. Mlango ulifunga vizuri, kwa sauti moja nzito isiyo na mtikisiko. Maundu aliisikia.

Mama ndiye aliyepanda. Alikaa nyuma, akasema mbele ni kwa baba.

Kuanzia hapo gari lile likawa la familia nzima isipokuwa yeye. Lilimpeleka Mbinya kliniki ya presha. Lilileta mbolea na mabati. Mtoto wa jirani alipoungua na uji wa moto, ni Mwelu aliyemkimbiza hospitali. Maundu alipokuwa na safari ya Machakos alisimama kituoni na fimbo yake, hata siku ambazo Mwelu alikuwa anarudi huko huko. Mwanzoni bintiye alimsihi kila safari. Baadaye akawa anamwuliza kwa adabu tu, kama unavyomwuliza mgeni kama ameshiba. Mwishowe akaacha kuuliza. Na Maundu, jambo ambalo sasa akilikumbuka hushika kichwa, aliona kwamba ameshinda.

Mwelu alipata kazi Uingereza. Nafasi za wauguzi zilitangazwa, akajaribu, akafaulu. Wiki ya mwisho alikuja nyumbani, akamkuta baba yake akifunga ua wa mbuzi.

"Baba, siku ya kuondoka nataka niwaendeshe mwenyewe mpaka uwanja wa ndege. Wewe na Mwaitu, wazazi wangu wote wawili. Lavender wa kazini atakuja nasi, ndiye atarudisha gari. Ni siku moja tu, Baba. Sitakuomba tena."

Maundu alitaka kusema ndiyo. Mbinya, aliyekuwa akisikiliza akiwa mlangoni, anaapa kwamba aliuona mdomo wake ukianza. Lakini mtu akishakataa kwa muda mrefu, kukubali huwa kama kuvua nguo hadharani.

"Nyinyi tangulieni," alisema. "Nitakuja na matatu. Tutakutana huko huko."

Mwelu aliitikia kwa kichwa, akamsaidia kushika waya.

Siku hiyo lori lilikuwa limeanguka Mlolongo na barabara ya Mombasa ikafungwa. Gari la Mwelu lilikuwa limekwisha pita. Matatu aliyopanda Maundu ilisimama juani mpaka abiria wakaanza kushuka na kutembea. Naye akashuka. Alitembea na mguu wake ule mgumu kandokando ya malori, shati limelowa, akasimamisha bodaboda, ikamfikisha. Alimkuta Mbinya amekaa peke yake kwenye benchi, leso imeloa mkononi.

"Amekwenda?"

"Amekungoja mpaka wakamwambia ataachwa."

"Alisema nini?"

Mbinya aliikunja leso. "Alisema nisikulaumu. Alisema ni foleni."

Lavender aliwapa usafiri wa kurudi. Mbinya alipanda. Maundu alisema atafuata nyuma, na akafuata nyuma. Ndiyo, hata siku ile.

Baadaye gari liliuzwa kwa Fathia, mama mmoja wa Kisomali mwenye duka la vitambaa karibu na soko la Machakos. Mwelu alikuwa amewahi kumuuguza mwanawe, na wakawa marafiki. Maundu aliposikia limeuzwa alisema vyema, akaendelea na kazi. Lakini alianza kuota milango. Aliota anafunga mlango na upande wa pili kuna mtu anauzuia usifunge.

Mwaka jana, kabla ya mvua, alikwenda Machakos kutafuta mbegu. Alipokuwa akipita nyuma ya soko alisikia akiitwa.

"Mzee! Wewe si baba Mwelu?"

Alikuwa Fathia, amesimama kando ya March ile ya buluu. Rangi ilikuwa imefifia kidogo kwenye paa. Aliacha taa zimewaka tangu asubuhi, akaeleza, betri ikaisha, na sasa kijana mwenye nyaya za kuamshia betri anakuja lakini yeye hata boneti hajui kuifungua.

"Mwelu aliniambia wewe ni mtu wa magari."

Maundu aliweka mfuko wa mbegu chini. Ilikuwa mara ya kwanza kuligusa. Alipapasa ukingo wa boneti mpaka akalipata komeo, akainua. Huko ndani, kwenye kibati kidogo chenye namba za gari, macho yake yalisimama. Alisoma. Akafuta vumbi kwa kidole, akasoma tena.

Thailand.

Miaka yote hiyo alikuwa akiliita la Mjapani. Gari lilikuwa limeundwa Thailand, nchi ambayo hakujua kama wanaunda magari, na watu ambao hakuwajua hata kwa picha. Akafikiri kwamba huko nako kuna mtu wa milango. Kuna mtu aliyeushika mlango ule kabla haujafungwa, akasikiliza unavyogonga, akaridhika. Huenda naye ana goti bovu. Huenda naye alirudishwa nyumbani asubuhi moja. Mtu huyo hakumnyang'anya Maundu chochote.

Kijana wa nyaya alifika, gari likawaka. Fathia alikuwa anakwenda Kitui kuchukua mali.

"Napita Wamunyu, Mzee. Panda nikushushe."

Akamfungulia mlango wa mbele. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, mpaka kikagusa cha nyuma.

"Nisamehe, kiti kiko hivyo tangu niliponunua," Fathia alisema akicheka. "Sijawahi kukirudisha, mimi abiria wangu ni mizigo tu. Mwelu alikuwa hataki kiguswe. Alisema hii gari aliichagua kwa hicho kiti. Huko kwa yadi wengine wanajaribu upande wa dereva, yeye alikuwa anakaa upande wa abiria na kunyoosha mguu mmoja, aone kama wa baba yake utaingia. Watu wa yadi walimwona kama kichaa."

Alisema hivyo kwa moyo mwepesi, kama anayempa mzee habari nzuri. Hakujua.

Maundu aliinama, akaingiza mwili, akauvuta mguu wa kulia. Uliingia wote, umenyooka, bila kugusa popote. Fathia akamfungia mlango. Walipita shule, wakapita duka la mwisho, wakashika barabara ya Kitui. Walipofika Masii, Fathia alimgeukia.

"Mzee, uko sawa?"

"Niko sawa, mama. Wewe endesha tu."

Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani. Hakumwambia Mbinya kilichotokea. Alimwambia ampigie Mwelu, akaichukua simu kabla mama hajasalimia.

"Mwelu. Leo nimepanda gari yako."

Kule upande wa pili kulikuwa na sauti ya magurudumu yakisukumwa sakafuni, na watu wakiongea Kiingereza.

"Si yangu tena, Baba."

"Najua."

"Mguu uliingia?" Mwelu akauliza.

"Uliingia."

Alikuwa na maneno mengine. Aliyapanga njia nzima kutoka Masii. Lakini Mwelu alisema anaitwa wodini, watazungumza siku nyingine, na simu ikakatika. Maundu akabaki ameishika sikioni mpaka Mbinya akaja kuitwaa.

Siku nyingine ilikuja, na akamwomba msamaha. Alisema yote, kuhusu siku ya langoni na siku ya uwanja wa ndege, akikwamakwama. Mwelu alimsikiliza mpaka mwisho. "Yalikwisha, Baba," alisema. "Usijisumbue, presha itapanda." Alisema kwa upole, na kweli alikuwa amesamehe, lakini upole wenyewe ulikuwa ule anaowapa wagonjwa wake. Maundu aliutambua. Alikuwa amezoea sauti nyingine, ya mtoto anayebishana naye kando ya barabara, na hiyo hajaisikia tena.

Siku hizi huzungumza kila Jumapili. Huulizana mvua, mbuzi, baridi ya huko. Mwelu alinunua gari dogo Uingereza, Mbinya ndiye aliyetoa habari hiyo. Mwelu mwenyewe hakumwambia baba yake, naye baba hakutaka kuonekana anachungulia. Mwelu amesema atakuja mbaazi zikikomaa. Mwaka jana alisema hivyo pia. Maundu hamkumbushi. Huvuna, hukausha, humtengea za kwake kwenye debe, na zikianza kuingiwa na wadudu huwapa majirani.