Kibuyu Kitupu cha Maziwa

Siku ile tulikuwa watatu. Mimi mwenyewe, mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa mwisho, anayesomea kompyuta chuoni Arusha, na mke wa mdogo wake marehemu mume wangu, ambaye shamba lake limepakana na langu hapa Maretadu. Mwalimu aliyepanga chumba kwangu, mtu wa Tanga, alikuwa kwao likizo, kwa hiyo simhesabu. Ng'ombe alikuwepo mmoja na ndama wake. Majina ya wote ninayo, hata la ng'ombe, hata la mama yake na bibi yake. Lakini mjukuu amesema tusiyaandike, basi nayanyamazia.

Alikuja na kazi ya chuo. Alisema kwangu kuna utulivu. Mimi huo utulivu ninao mwingi tangu mzee afariki, nikamkaribisha aupunguze. Aliahidi kukaa mpaka Jumapili ili twende kanisani pamoja, na mimi nilikuwa nimeshatangaza kwa akina mama wote wa jumuiya kwamba safari hii sitakaa benchi peke yangu.

Kazi yenyewe nilimuuliza mara nyingi mpaka nikaielewa kidogo. Alikuwa anatengeneza lugha ndogo ya kuiamrisha kompyuta. Katika lugha hiyo kila kitu lazima kiwe na aina yake: hii ni namba, haya ni maneno, hii ni orodha ya vitu. Sasa ili aina zote zielewane, aliandika karatasi moja ya maswali ambayo kila aina lazima iyajibu. Unaitwa nani? Unapokea nini ndani yako? Nani anaweza kukaa mahali pako? Karatasi hiyo wao wanaiita intafesi. Kompyuta haijali wewe ni nani, inajali tu kwamba ukiulizwa utajibu. Nikamwambia hilo nalielewa, maana hata mimi mtoto akiniamkia shikamoo njiani namjibu marahaba kabla sijajua ni wa nani.

Shida ilikuwa orodha. Mwalimu wake wa chuo alikuwa ameshamrudishia kazi mara mbili, na alimwambia akikosea ya tatu atarudia mwaka. Orodha ikiulizwa inapokea nini, alikuwa ameifundisha ichungulie kitu chake cha kwanza. Ikikuta namba, iseme mimi ni orodha ya namba. Ikiwa tupu, haina cha kuchungulia, na programu yote inasimama. Akajaribu kuiambia iliyo tupu iseme inapokea chochote. Basi namba na maneno vikachanganyika humo ndani, na hiyo ndiyo iliyorudishwa mara ya pili.

Siku tatu alikuwa hali vizuri. Ugali unapoa, yeye macho kwenye kompyuta. Nilikaa karibu naye nikichambua maharage, hatuongei, na bado ilikuwa afadhali kuliko kukaa peke yangu.

Jumatano asubuhi nilikuwa nakamua, mke wa shemeji yangu amemshika ndama. Nikamwita mjukuu aniletee kibuyu cha maziwa kutoka ukutani. Pale vinaning'inia vitatu, cha maziwa, cha maji na cha pombe ambacho tangu mzee aondoke hakikuwa kimeshushwa. Tukangoja. Maziwa yanapoa kwenye bakuli. Hatimaye akatokea mlangoni amevikumbatia vyote vitatu, amevifungua vifuniko, anachungulia kimoja baada ya kingine.

"Bibi, vyote ni vitupu. Nitajuaje cha maziwa ni kipi?"

Mke wa shemeji yangu akacheka mpaka ndama akamponyoka. Akasema huyu ndiye msomi wetu, tumuuzie mbuzi tumwambie ni ng'ombe.

Mimi nikamwambia, "Mjukuu wangu, usiangalie ndani. Angalia shingoni. Chenye ukanda wa ngozi ni cha maziwa. Niliufunga siku nilipokikausha, kabla hakijaingia hata tone."

"Na kikikaa kitupu mwaka mzima?"

"Ni cha maziwa. Kitakuwa kitu gani kingine?"

Akasimama pale pale. Nilidhani ameudhika kwa kuchekwa. Kisha akaviweka vyote chini, polepole, akarudi ndani bila kunipa hata kimoja. Nikaenda kukichukua mwenyewe.

"Kompyuta imemlevya," akasema mke wa shemeji yangu.

Baadaye mjukuu alinieleza. Orodha aliifunga ukanda siku ya kuumbwa kwake. Ikiulizwa inapokea nini, haichungulii tena ndani, inasoma ukanda wake. Tupu au imejaa, jibu ni lile lile. Jioni, kabla jua halijazama, alipanda kilimani kwenye mtandao akaituma kazi. Alishuka anakimbia, na alinikumbatia kwa nguvu kuliko siku aliyofika.

Kesho yake alipanda tena kuangalia jibu. Kazi imekubaliwa, na mwalimu wake anataka wenye kazi zilizofaulu wafike chuoni Ijumaa kuzieleza mbele ya wenzao. Akaniuliza kama nitamwelewa akiondoka kabla ya Jumapili. Nikasema nenda, mama, ndiyo kazi yako. Nikamfungia mahindi na maharage, nikamsindikiza mpaka barabarani, gari likaja upesi.

Jumapili nilikwenda kanisani. Akina mama wakaniuliza mgeni yuko wapi. Nikawaambia amefaulu. Nilipokaa niliacha nafasi pembeni yangu kwenye benchi, sijui kwa nini, mpaka mtu mmoja akaja akakaa.

Kibuyu nilikiosha, nikakifukiza moshi, nikakirudisha ukutani.

Nimeandika kama ninavyokumbuka, na shule yangu iliishia darasa la nne. Mke wa shemeji yangu anasema ilikuwa Jumanne, siyo Jumatano, na kwamba ndama hakumponyoka, alimwachia. Mjukuu naye huenda ataona nimeyachanganya yale maswali matatu. Mwenye kukumbuka vingine anisahihishe. Ila kwenye simu sisikii vizuri. Aje tu hapa nyumbani, nipo siku zote.