Haki ya Kuuliza

Kabla ya kazi ile nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku Edmonton, kaskazini mwa London, na mgongo ulishaanza kunigomea. Kwa hiyo jumuiya yetu ndogo ya Waafrika Mashariki ilipopata ruzuku ya serikali na kutafuta mtu wa kuzungumza na wazazi kwa Kiswahili, niliomba, nikapewa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa kule Walthamstow, na kelele za sokoni zilipanda mpaka mezani kwangu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Polisi wa Uingereza wana orodha ya watu waliohukumiwa kwa makosa ya ngono, na watu hao hulazimika kuripoti wanakoishi. Orodha haitangazwi. Lakini mzazi mwenye wasiwasi na mtu aliye karibu na mwanawe ana haki ya kwenda kuuliza. Polisi wakiona kuna hatari, humwambia yeye peke yake, naye hakatazwi kuwalinda watoto wake, ila anakatazwa kuisambaza habari hiyo. Wazazi wengi wa kwetu hawakuyajua haya. Ruzuku ile ilikuwa ya kuwajulisha, makanisani, misikitini na popote wanapokusanyika.

Hawakupenda kusikia. Kwenye ukumbi mmoja nilipoanza tu kusema, akina mama waliinamisha vichwa, wakawa wanatengeneza khanga zao. Mzee mmoja alinifuata mlangoni, akaniambia kwa upole kabisa kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, na kwamba nawafundisha watu kuwashuku ndugu zao.

Aliyekuja ofisini alikuwa mwanamke ninayesali naye kanisa moja. Alifanya kazi ileile niliyoiacha, na alikuja bado na sare mwilini. Mume wake alikuwa amemwacha na mabinti wawili wadogo. Sasa alikuwa na mchumba, mwimbaji wa kwaya yetu, mtu mtaratibu ambaye kila mama pale kanisani angependa awe mkwewe. Yeye akiwa shifti, mchumba ndiye aliyewachukua watoto shuleni.

Hakuwa na ushahidi wowote. Aliniambia tu kwamba kila akimuuliza mchumba wake aliishi wapi kabla ya London, jibu linabadilika, na kwamba binti mdogo siku hizi halali mpaka mlango ufungwe kwa kiti.

“Dada,” aliniuliza, “nikienda polisi si nitakuwa nimemchafua mtu bure?”

Nilimwambia kuuliza si kuchafua. Kama hakuna kitu, mwenyewe hatajua kwamba aliulizwa.

Alipeleka ombi. Polisi walipokuwa tayari na jibu, aliniomba niwepo. Kiingereza cha kazini alikiweza, lakini katika hili hakutaka kukosea hata neno. Walikuja wawili, mwanamke na mwanamume, wamevaa nguo za kawaida. Tulikaa jikoni kwake, watoto wakiwa shule. Mimi pia walinitaka niahidi kunyamaza, nikaahidi. Kisha yule polisi wa kike akasema sentensi moja fupi, akanitazama niitafsiri.

Nilitafuta neno la heshima. Nikasema mchumba wake aliwahi kufungwa kwa sababu alimchezea mtoto.

“Alimchezea vipi?”

Nikasema alimharibu.

“Dada, sema.”

Basi nikasema. Alihukumiwa kwa kumnajisi mtoto wa kike. Nilijisikia kama aibu ile imetoka kinywani mwangu, si kwa yule polisi. Mwenzangu yule wa kanisani hakulia. Aliinuka, akazima jiko lililokuwa na chungu cha maharage, akabaki amesimama, ametugeuzia mgongo. Baadaye aliuliza afanye nini mchumba akija leo. Wakamweleza. Wakamwambia pia kwamba wataalamu watazungumza na mabinti wake, na kwamba akimwona mtu huyo karibu na watoto wengine, asimwambie jirani, apige simu polisi.

Walichozungumza watoto na wale wataalamu si changu kukiandika. Itoshe kusema kwamba mama alikuwa amechelewa kidogo, na kwamba walichosema hakikutosha kumshtaki mtu mahakamani.

Alivunja uchumba bila kutoa sababu, na hapo ndipo alipoanza kutengwa. Walisema ana kiburi, walisema amepata mwingine mwenye karatasi nzuri zaidi za ukaazi. Jumapili moja yule mwanamume alisimama mbele akaomba aombewe, kwa sababu moyo wake umevunjika. Kanisa zima likanyoosha mikono kumwelekea. Mwenzangu alikuwa kando yangu, amemkumbatia binti mdogo. Hatukunyoosha mikono. Watu walituona, na ibada ilipokwisha hakuna aliyetusalimia.

Wakati huohuo ofisa wa ruzuku alikuja kututembelea. Alikuwa kijana mwenye adabu, akataka nimweleze mradi umebadilisha maisha ya nani. Nilimweleza kuhusu vipeperushi na mikutano. Kitu pekee tulichokifanya cha maana kilikuwa hakisemeki. Miezi michache baadaye tulijulishwa kwamba serikali ina vipaumbele vingine, na ruzuku haitaendelea. Nilirudisha funguo za chumba, nikarudi kwa wazee wangu.

Kisha yule mwanamume akaanza kuwapeleka watoto wa familia nyingine ya kanisani mazoezi ya kwaya kwa gari lake. Mwenzangu aliwaona wakipita garini, yeye akiwa kituo cha basi akitoka kazini. Alipiga simu polisi palepale, akiwa amesimama mvuani, ndipo akanipigia mimi. Mwanamume huyo alikamatwa wiki hiyo, kwa kuwa baada ya ombi lile mahakama ilikuwa imemkataza kuwa karibu na watoto, na kesi ikamrudisha gerezani. Watoto wale, kwa bahati, walikuwa salama.

Sasa kila mtu akajua. Nilidhani wangeenda kumwomba mwenzangu radhi. Walikwenda kweli, mama mchungaji na wengine wawili, nami nilikuwepo. Walikaa sebuleni, wakanywa chai, na mama mchungaji akamuuliza kwa uchungu wa kweli, “Ulijua, mwanangu, na ukatuacha tukae naye?”

Alijaribu kueleza kwamba alikatazwa. Hawakuelewa, au hawakutaka kuelewa. Binti mkubwa alikuwa mlangoni akisikiliza. Kiswahili anakisikia vizuri ingawa hakisemi. Aliwaambia wageni kwa Kiingereza kwamba mama yake amechoka na waondoke. Nilingoja mama yake amkemee kwa kukosa adabu kwa wakubwa. Hakumkemea. Wageni waliweka vikombe chini wakaondoka.

Walihamia mji mwingine kiangazi kile. Tunazungumza mara chache. Binti mdogo bado anaonana na mtaalamu, na kuna wiki nzuri na wiki mbaya.

Namba yangu bado inazunguka kwa akina mama. Hupigiwa nikiwa kazini, na anayepiga huanza mbali, na hali ya hewa, na shule, na bei ya chakula. Najua anakoelekea. Mimi hutoka nje kwenye kibaraza cha kuvutia sigara, namwacha afike mwenyewe.