Difu ya Kupandia Butiama

Mwaka 1946, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alifariki, na baba zangu wadogo wakagawana ng'ombe wake matanga hayajaisha. Shule niliachia hapo, darasa la pili. Sitaki kuonewa huruma, nasema ilivyokuwa. Nilianza kuosha magari mjini, barabara ya Mukendo, nikawa utingo, na Mwingereza alikuwa bado hajaondoka nilipokuwa dereva wa pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Musoma, Mwislamu mcha Mungu, mpenda kanzu nyeupe na mwendo wa kasi.

Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu hata siku zile, imetengenezwa kabla ya vita. Kwenye tambarare ilikuwa inaruka. Lakini tulikuwaga tunapeleka chumvi na majembe Butiama, na ule mlima wa kuingilia huko haikuuweza. Kila safari tunashusha nusu ya mzigo, tunapanda, tunarudi kuchukua nusu nyingine. Siku klachi ilipoungua, tajiri akaniambia, "Kijana, mlima ukinishinda tena nauza gari. Wewe urudi kuchunga."

Nikachunge ng'ombe za nani?

Bunda kulikuwa na lori dogo bovu, lililotengenezwa na kiwanda kilekile cha pikapu yetu. Difu yake, yaani zile gia za ekseli ya nyuma, ilikuwa ya nguvu: kigia kidogo kinazunguka mara nyingi zaidi ili gurudumu lizunguke mara moja. Mwendo unapotea, nguvu unapata. Nikamwambia tajiri, akainunua.

Sasa kufunga. Meno yasipoumana sawasawa difu inalia, halafu inasagika. Wazungu walikuwa na rangi yao ya kupaka kwenye meno, unazungusha, unaona yanagusana wapi. Mimi sikuwa nayo. Nikaenda kwa shangazi yangu, aliyekuwa anatunza ngeu, ule udongo mwekundu wa kuchanganya na samli na kuwapaka vijana waliotoka tohara.

"Unataka kumpaka nani?"

"Chuma."

"Umerogwa! Hii ni ya ngozi ya mtu."

"Shangazi, chuma nacho leo kinaingia jandoni."

Alicheka mpaka akakohoa, akanipa kibuyu. "Kikilia usiniite."

Nikapaka, nikazungusha, nikaona alama imekaa pembeni ya jino. Nikafungua, nikakata bati la debe, nikaliweka nyuma ya beringi ili gia isogee kidogo, nikapaka tena. Nilifungua na kufunga hivyo mpaka alama ikakaa katikati.

Siku ya safari tajiri akapanda mbele, kanzu imenyooka. Mshale wa mwendo ulikuwa unasoma kutoka kwenye giaboksi, habari za difu mpya haukuzijua. Ukasema maili ishirini. Hapo hapo mtu wa baiskeli, na mkungu wa ndizi nyuma, akapiga kengele akatupita.

"Maili ishirini ndiyo hizi?" tajiri akauliza.

"Mshale unadanganya, mzee."

"Baiskeli inanipita mimi? Watu wa mtaani Iringo wakisikia! Geuza gari. Kesho unarudisha gia za zamani."

Nikasimama katikati ya barabara. "Sigeuzi. Ukitaka usukani, huu hapa. Mlima ukitushinda nitaondoka mwenyewe, hutapata kazi ya kunifukuza."

"Una kiburi wewe."

"Ninacho. Sikurithi kingine."

Kuendesha alikuwa hajui. Akatoa tasbihi, akaanza kuihesabu.

Mlimani niliingiza gia ya kwanza, mguu nikautuliza. Chumvi yote, majembe yote, na yeye juu yake. Tukapanda kama maksai wa plau, polepole, bila kusimama. Ile kona tuliyokuwaga tunashushia mzigo tukaipita, na yeye akageuka nyuma kuiangalia kama mtu aliyesahau kitu. Difu haikulia.

Sokoni alishuka, akakung'uta kanzu. "Kurudi tutangoja giza, watu wasituone."

"Tunarudi saa nane mchana, mzee. Watuone."

Tukarudi saa nane, wenye magari wakatupita wakicheka. Gari hakuuza, na habari za kuchunga hakunigusia tena. Waliotucheka ndio walioniletea difu zao, nikawapokea, na mwendo wao niliwapunguza vilevile.

Leo nina nyumba ya bati Iringo. Gereji Bunda yenye mashimo mawili ya kuingilia chini ya magari. Shamba la pamba. Mashine ya kusaga. Malori mawili, moja halitembei. Mtumbwi ziwani, Kisorya. Redio. Cherehani ya mke wangu, ambayo nayo ni yangu akiwa hayupo.