Kifaurongo cha Fundi Redio

Harufu ya risasi ikiyeyushwa kwenye waya hunitoa machozi, na si kwa moshi wake. Wiki iliyopita Shafiq, Mbengali anayefanya kazi kwenye bustani yangu ya miche, alikuwa anaunga waya wa pampu. Mjukuu wangu akasema kwa sauti, mwenyewe Shafiq yupo anamsikia: "Bibi, si umwite fundi wa kweli? Bangali huyu anajua nini?"

Shafiq akainamisha kichwa. "Sawa, baba," akamwambia. Baba! Mtoto wa miaka kumi na nne!

Nlimtimua mjukuu wangu kwa kandambili. Nyinyi nitakuelezeni kwa nini.

Tulipohamia huku Uarabuni, mtaa wa Hamriya, nlikuwa na miaka kumi. Chini ya nyumba yetu palikuwa na duka la fundi redio, Mbengali, mwembamba, vidole vimeungua ungua. Wenzake wakimwita Dada, maana kwao dada ni kaka. Mwanamme mzima na masharubu yake, Dada! Nlicheka mpaka mbavu zikauma, kisha na mimi nikamwita hivyo hivyo.

Ukutani alitundika picha ya mzee wa kwao, mtaalamu. Huyo, akinambia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, aliliza kengele upande wa pili wa ukuta bila ya waya, dunia haijaijua redio. Kisha akatengeneza chombo cha kuonyesha kuwa mmea ukiguswa unashtuka. Wazungu wengine wakamcheka, na redio ikaja ikasifiwa kwa majina ya wengine. Jina la kwake siliandiki. Mimi nimeishia darasa la nne, ntalikosea, na yeye kakosewa ya kutosha.

Juu ya meza, ndani ya kopo la maziwa, Dada alikuwa na mmea. Ukiugusa, majani yanajikunja. Nikamwambia sisi tunauita kifaurongo, kwa kuwa unajifanya umekufa. Akakasirika kweli kweli. "Nani kasema unadanganya? Kwetu jina lake Mwenye Haya. Umeguswa, umehisi. Uongo uko wapi?"

Basi siku moja skuli mwalimu wetu, tukimwita Abla, akatwambia mimea haihisi kitu. Nikanyoosha mkono.

"Inahisi, Abla. Mtaalamu wa Kibengali kahakikisha."

"Nani kakwambia?"

"Fundi redio."

Darasa zima likaangua kicheko. "Bangali mtaalamu!" Abla naye akacheka. Ndicho kilichonichoma, kwamba na yeye alicheka. Kesho yake nikenda na lile kopo la kuazima, nikaugusa mmea mbele yao, ukajikunja. Hata hakuutazama vizuri. Akanambia: "Sema umesema uongo, uombe radhi. Bila ya hivyo darasani kwangu huingii."

Siku mbili nlisimama nje juani. Babaangu akanambia, "Sema mwanangu, mambo yeshe." Sikusema. Siku ya tatu babaangu akamtuma Dada. Akaja getini, shati limemchomoka, anahema.

"Sema tu, mtoto. Maneno tu hayo. Mimi kutwa nasema 'ndiyo bwana, ndiyo bwana'. Wewe sema, ukae kitini, usome."

"Na mzee wako wa pichani?"

Akatazama chini. "Sema tu."

Nikapaza sauti, wenzangu wote wanasikia: "Kumbe kifaurongo ni wewe!"

Skuli sikurudi tena, na dukani kwake sikukanyaga. Baada ya miezi michache nikakuta pale panauzwa viatu. Dada kenda zake kwao. Kopo lake kaliwacha mlangoni kwetu, udongo umemwagiliwa maji.

Kwenye kopo lile ndipo nlipojifunza kuotesha. Leo vyungu vya maofisini Al Khuwair vingi vimetoka mikononi mwangu, na mabwana wenye shahada hunipigia simu kuniuliza kwa nini miti yao inakufa. Miaka na miaka nlijigamba: mimi sikuinama, yeye kainama. Mpumbavu mimi! Mimi nlikuwa na baba, na nyumba, na nchi yangu ya kukasirika ndani yake. Dada alikuwa na nini? Kila mkono ukimgusa, akijikunja, kisha akifunguka tena akatengeneza redio za watu wale wale. Aliniombea kiti alichokijua thamani yake, na mimi nikamwita jina lile lile alilokataa mmea wake kuitwa.

Basi wiki iliyopita, pampu ilipounguruma, nlimvuta mjukuu wangu mbele ya Shafiq, nikamwambia aombe radhi. Akaomba, shingo upande. Shafiq akatabasamu haraka haraka, akakusanya waya zake.

"Sawa, mama. Hakuna tabu."

Tabu ipo. Ile "sawa" nnaijua. Nlishaiona ikijikunja, kwenye kopo la maziwa.